Vyakula Visivyozoeana, Chungu Kimoja

SOMO LA MWEZI KWA JAMAA WA MKULIMA

Somo letu la mwezi huu ni la jikoni. Huenda bwana mmoja akasema, "Kazi yangu ni jembe. Mambo ya sufuria ni ya mama watoto." Ndugu msomaji, tafadhali usigeuze ukurasa. Mahindi hupandwa, hupaliliwa, huvunwa na kuwekwa ghalani ili watu wale na wawe na afya. Mkulima aliyevuna magunia ishirini, na huku mtoto wake ana miguu iliyovimba na nywele nyepesi zenye wekundu, bado hajamaliza kazi yake ya shamba. Kwa hiyo, ikiwa wewe ni bwana, soma kisha umsomee bibi. Na ikiwa wewe ni bibi, soma kisha umsomee bwana.

Tutajifunza juu ya vyakula ambavyo watu wengi hawadhani kwamba vyaweza kukaa pamoja. Vikipikwa vizuri huwa vitamu, na mara nyingi huufaa mwili kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Vyote hupatikana katika mashamba na masoko yetu. Kikombe tutakachokitaja ni cha robo lita, na vipimo vyatosha watu watano.

DESTURI NI MAZOEA

Mtu wa Pwani hula mahamri asubuhi pamoja na mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi. Mahamri yana sukari na iliki. Mbaazi zina chumvi na pilipili. Mtu wa bara anayefika Mombasa mara ya kwanza huitazama sahani ile akadhani mpishi amekosea. Akiisha kuonja, siku ya pili huamka mapema asije akakosa.

Basi na yule mtu wa Pwani akisafiri kwenda Kericho au Kapsabet hukaribishwa mursik, yaani maziwa yaliyolala katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Rangi yake ni ya kijivu kidogo, na mgeni hushangaa. Akifika Kakamega atapewa mrenda uliolainishwa kwa maji yaliyochujwa katika majivu. Akifika Nyeri ataletewa mahindi, viazi na majani ya malenge, vyote vimepondwa pamoja hata hajui kipi ni kipi.

Kila mmoja hucheka chakula cha mwenziwe, wala hakumbuki kwamba chake pia huchekwa. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika mambo ya chakula huwa kinyume: kipya hukataliwa hata kikiwa dawa.

SABABU TATU ZA KUCHANGANYA

Sababu ya kwanza: chakula kimoja huziba upungufu wa kingine. Vyakula vya kujenga mwili vina kitu kiitwacho protini, na protini huundwa kwa vipande vidogo vingi, kama nyumba inavyohitaji nguzo, fito na kamba. Mahindi hupungukiwa na kipande kiitwacho laisini. Maharagwe yana laisini kwa wingi, lakini hupungukiwa na kipande kiitwacho methionini, nacho kimo katika mahindi. Mwenye fito hana kamba, na mwenye kamba hana fito. Wakikutana nyumba husimama. Ndiyo maana githeri ni chakula bora, ijapo baadhi ya watu hukiona kuwa ni chakula cha mtu asiye na pesa.

Sababu ya pili: chakula kimoja hukifungulia kingine mlango wa mwili. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka huingia mwilini kwa shida, lakini yakikutana na vitamini C, ambayo imo katika machungwa, malimau, mapera na ubuyu, huingia kwa urahisi zaidi. Kadhalika vitamini A tunayoipata katika mboga za majani na vyakula vya rangi ya manjano haiingii vizuri pasipo mafuta kidogo.

Sababu ya tatu: chakula kimoja huirekebisha ladha ya kingine. Ukali huondoa harufu ya samaki, na maziwa hupunguza uchungu wa mboga. Chakula chenye vitamini zote duniani hakimfai mtu kama hakiliwi.

FUNZO KUTOKA MEKSIKO

Mahindi hayakuanza katika Afrika. Yalitoka Marekani ya Kati, na wenyeji wa Meksiko tangu zamani za kale huyachemsha pamoja na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Wageni kutoka Ulaya waliuona mchanganyiko huo kuwa jambo la ajabu. Walichukua mahindi wakaenda nayo kwao, na ile chokaa wakaiacha.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Katika Uhispania, na baadaye Italia ya kaskazini, maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipatwa na ugonjwa wa pelagra, unaochubua ngozi, kuharisha tumbo na kuharibu akili. Daktari Gaspar Casal wa Uhispania aliueleza mwaka 1735. Kuanzia mwaka 1914 Daktari Joseph Goldberger alionyesha huko Marekani kwamba ugonjwa huo hutokana na chakula kibaya, wala hauambukizwi. Mwaka 1937 ikajulikana kwamba kinachokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo niasini, lakini imefungwa, na chokaa huifungua.

Sisi hatupiki mahindi kwa chokaa. Kinga yetu ni kuyala pamoja na maharagwe, karanga, samaki au maziwa. Funzo ni hili: usicheke mchanganyiko wa mwenzako kabla ya kuuliza sababu yake. Sasa na tuingie jikoni.

1. OMENA NA EMBE BICHI

Omena ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Huliwa wazima pamoja na mifupa, kwa hiyo hutupa protini na pia kalsiamu ya kujenga mifupa na meno. Watu wengi mbali na ziwa huwakataa kwa ajili ya harufu. Dawa ya harufu hiyo ni ukali, na embe bichi lina ukali wa kutosha.

Tena kuna faida ya shamba. Makueni, Machakos na Pwani upepo huangusha embe nyingi kabla hazijaiva. Zikiachwa chini ya mti huoza na kuwa makao ya nzi wa matunda, ambao baadaye huharibu zile zilizo juu. Ziokote kila siku. Zilizo nzima zipeleke jikoni. Zilizotobolewa na nzi usiziache juu ya ardhi, bali zifukie katika shimo refu.

Vitu vinavyotakiwa: omena wakavu vikombe 2, embe bichi kubwa 1, vitunguu 2, nyanya 3, mafuta vijiko vikubwa 3, chumvi kidogo, na maji kikombe 1.

Chagua omena wanaong'aa kama fedha, wasio na mchanga mwingi. Waoshe kwa maji ya moto mara tatu, ukiwaokota kutoka juu ili mchanga ubaki chini. Wakaange bila mafuta mpaka wakauke, kisha uwaweke kando. Kaanga vitunguu kwa mafuta, tia nyanya, tia omena, chumvi na maji, ufunike kwa dakika kumi. Menya embe, likate vipande vyembamba, ulitie na kupika dakika kumi nyingine. Usilitie mapema, kwani litayeyuka lote na mchuzi utakuwa mkali mno. Kula na ugali.

Katika mkutano mmoja wa wakulima mzee mmoja aliniambia, "Karani, samaki huliwa kwa ugali, na embe ni ya watoto. Usituchanganyie mambo." Akina mama wa kikundi walikuwa wamekwisha kupika. Mzee aliona haya kukataa mbele ya shemeji zake, akaonja kijiko kimoja. Hakusema neno. Baada ya kitambo alimwita mjukuu wake akamtuma akamletee sahani.

2. MBOGA CHUNGU NA MAZIWA

Mgagani, ambao Waluo huuita dek, Wakalenjin saget na Wakisii chinsaga, ni mboga chungu. Mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu na Waluo osuga, nao una uchungu wake. Mtu asiyezoea huchemsha mboga hizi na kumwaga maji mara mbili au tatu. Uchungu hupungua, lakini vitamini nyingi nazo humwagika pamoja na maji yale.

Wenyeji wa magharibi ya nchi yetu wana njia bora zaidi: hupika kwa maziwa. Maziwa hupunguza uchungu, na mafuta yaliyomo husaidia vitamini A ya majani kuingia mwilini.

Vitu vinavyotakiwa: mafungu 4 ya mboga, maziwa kikombe 1 na nusu, malai vijiko vikubwa 2 kama yapo, na chumvi.

Osha majani kabla ya kuyakata, wala si baada ya kuyakata. Yachemshe kwa maji machache, ukifunika sufuria, kwa dakika kumi na tano. Kama maji yamebaki mengi, yamwage mara moja tu. Tia maziwa, chumvi na malai, uache moto uwe mdogo kwa dakika kumi na tano nyingine, ukikoroga mara kwa mara. Mboga hii huwa tamu zaidi siku ya pili. Ukitaka kuilaza, ichemshe vizuri jioni, ifunike, uiweke mahali pa baridi, na asubuhi uichemshe tena kabla ya kula.

Watu wengine hulainisha mboga kwa magadi. Kidogo hakidhuru sana, lakini magadi mengi huharibu vitamini. Ukiwa na maziwa huhitaji magadi.

3. MALENGE NA KARANGA

Malenge la manjano lina vitamini A, lakini mafuta yake ni machache sana. Karanga zina mafuta na protini. Ndiyo sababu viwili hivi, ambavyo mara chache hukutana, vyafaa sana kupikwa pamoja. Upungufu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, na ukizidi huweza kumpofusha mtoto kabisa. Basi mwenye malenge shambani ana dawa, naye akiongeza karanga dawa hiyo hufanya kazi vizuri.

Vitu vinavyotakiwa: malenge lililomenywa na kukatwa vikombe 6, karanga kikombe 1, kitunguu 1, chumvi, na maji vikombe 2.

Kaanga karanga bila mafuta, pepeta maganda, uzitwange mpaka ziwe laini. Chemsha malenge pamoja na kitunguu mpaka lilainike. Koroga karanga kwa maji kidogo katika bakuli, kisha uzimimine sufuriani. Koroga kwa moto mdogo dakika kumi na tano. Usiondoke jikoni, kwani karanga hushika chini na kuungua upesi. Kula kwa chapati, wali au ugali.

Sasa sikiliza onyo. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri hushikwa na kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 katika nchi yetu, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Sumu hii haimalizwi kwa moto wa jikoni, wala haifichuliwi na ladha. Karanga iliyokunjamana, iliyogeuka rangi, au yenye ukungu, itupe. Usimpe mtoto, wala kuku, wala ng'ombe. Kausha mazao juu ya turubai, si juu ya udongo, na uyaweke ghalani yakiwa makavu kabisa.

4. UJI WA WIMBI NA UBUYU

Wimbi una kalsiamu nyingi kupita mahindi, tena una madini ya chuma. Ubuyu, tunda la mbuyu wa Ukambani na Pwani, una vitamini C kwa wingi. Wimbi hupatikana zaidi magharibi, na ubuyu mashariki. Kwa hiyo wenye kimoja mara nyingi hawana desturi ya kutumia kingine. Lakini siku hizi vyote viwili huuzwa katika masoko ya miji, na hukaa pamoja vizuri sana katika bakuli moja la uji.

Vitu vinavyotakiwa: unga wa wimbi kikombe 1, maji vikombe 6, unga mweupe wa ubuyu vijiko vikubwa 3, na sukari kidogo ukipenda. Zile mbegu nyekundu zenye sukari na rangi ambazo watoto hununua njiani hazifai kazi hii.

Koroga unga wa wimbi kwa maji baridi kikombe kimoja, uumimine katika maji matano yanayochemka, upike dakika ishirini. Epua uji, uuache upoe mpaka uwe wa kunyweka. Ndipo ukoroge ubuyu kwa maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa, uuchuje, uutie katika uji. Usiupike ubuyu pamoja na uji, kwani moto huharibu vitamini C, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Kama huna ubuyu, kamulia limau moja wakati ule ule.

5. CHAPATI ZA VIAZI VITAMU

Unga wa ngano hununuliwa kwa pesa. Viazi vitamu hutoka shambani. Chukua viazi vitamu ambavyo ndani vina rangi ya machungwa. Hivi vina vitamini A nyingi kuliko vile vyeupe. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilipewa wataalamu wanne waliofanya kazi ya kuongeza vitamini katika mazao, na watatu miongoni mwao waliieneza mbegu ya viazi hivi. Mmoja wao ni Bwana Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu.

Vitu vinavyotakiwa: unga wa ngano vikombe 3, viazi vilivyochemshwa na kupondwa vikombe 2, chumvi kijiko kidogo 1, mafuta vijiko vikubwa 2 kwa unga, na mengine ya kukaangia.

Chemsha viazi na maganda yake, vimenye, uviponde vikiwa moto mpaka visiwe na vipande. Viache vipoe. Changanya na unga, chumvi na mafuta, ukande. Usitie maji kabla ya kukanda, kwani viazi vina maji yake. Ukiona unga haushikani, nyunyiza kidogo kidogo. Funika kwa nusu saa. Kisha sukuma na kukaanga kama chapati za kila siku. Zitakuwa laini hata kesho yake, na zitakuwa na rangi nzuri ya kuwavuta watoto. Unga uliotoa chapati saba utatoa kumi au zaidi.

6. UJI MZITO WA MTOTO NA KIMEA

Huu ndio mchanganyiko mkubwa kuliko yote, nasi tumeuweka mwisho makusudi. Tafadhali usome mara mbili.

Mtoto mchanga hunyonya maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Baada ya hapo huendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, lakini huhitaji chakula kingine pia. Hapo ndipo hatari huanza. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliueleza ulimwengu ugonjwa ambao wenyeji waliuita kwashiorkor. Kwa lugha ya Waga jina hilo ni la ugonjwa unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, ngozi huchubuka, na mtoto hukosa furaha. Jirani humwona ana mashavu makubwa akasema, "Huyu amenenepa." Kumbe ni uvimbe.

Uji mwepesi wa mahindi hujaza tumbo dogo kwa maji. Mama akiupika mzito, mtoto hawezi kuumeza. Afanyeje? Atie kimea.

Loweka wimbi usiku mmoja. Mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili mpaka uote. Anika juani ukauke kabisa, fikicha uondoe mizizi, kisha usage. Tumia wimbi, wala usitumie mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu.

Pika uji mzito, mzito hata kijiko kisimame. Epua, usubiri dakika tano. Kwa kila kikombe cha uji tia kijiko kidogo 1 cha unga wa kimea, ukoroge. Baada ya dakika chache utaona uji ule mzito unalegea wenyewe, bila kuongeza hata tone la maji. Kimea kimeikatakata ile wanga iliyoushikilia uji. Sasa mtoto ataweza kuumeza, na kila kijiko kina chakula kingi kuliko uji mwepesi. Urudishe motoni uchemke dakika tano, ili vijidudu vilivyoweza kuingia wakati wa kuotesha vife.

Kisha ongeza chakula cha kujenga mwili. Kwa kila kikombe tia kijiko kidogo cha unga wa omena waliooshwa, wakakaushwa motoni, wakasagwa na kuchungwa, au kijiko cha karanga safi zilizosagwa laini, au maziwa. Jaribu kimoja kwanza kwa siku tatu uone kama kinamkubali, ndipo ujaribu kingine. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, kwani huweza kumsakama.

Na ukiona uvimbe wa miguu, usingoje uji ufanye kazi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

VITU VISIVYOPATANA

Si kila mchanganyiko ni mwema. Kumbuka mambo haya manne.

Kwanza, chai pamoja na chakula. Majani ya chai yana kitu kinachozuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya chakula, hasa ikiwa ni mama mja mzito.

Pili, muhogo mchungu. Una sumu, wala mchuzi mtamu hauiondoi. Ni lazima umenywe, uloweshwe siku kadhaa, ukaushwe, ndipo usagwe.

Tatu, viazi vya Kizungu vilivyogeuka kijani kwa kupigwa na jua. Hivyo usivipike.

Nne, chakula kilichooza. Pilipili na bizari huficha harufu tu; havimwokoi mlaji.

NAMNA YA KULETA CHAKULA KIPYA NYUMBANI

Usibadilishe chungu kizima kwa siku moja. Pika kidogo, ukiweka kando chakula kilichozoewa, na kila mtu achukue apendavyo. Ongeza kitu kipya kimoja tu kila mara. Kikishindwa utajua kosa liko wapi. Pima kwa kikombe na uandike vipimo, ili kikifaulu uweze kukipika tena.

Wewe baba, kula kwanza, mbele ya watoto, wala usikunje uso. Zamani katika jamii kadhaa za nchi yetu wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, na hali wao ndio waliobeba mimba na kunyonyesha. Desturi hiyo imelegea, na wanaume walioilegeza nyumbani mwao hawakupungukiwa na heshima. Baba akisema "chakula hiki ni kizuri," mama mkwe, watoto na majirani watasikia. Akisukuma sahani mbali, kazi yote ya mama imepotea, na huenda mtoto aliyehitaji chakula kile asikipate tena.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mahindi na maharagwe ni bora pamoja kuliko kila kimoja peke yake?
2. Embe hutiwa lini katika mchuzi wa omena, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini ubuyu hautiwi katika uji ungali motoni?
4. Karanga yenye ukungu ikikaangwa sana, je, yafaa kuliwa?
5. Eleza namna ya kulegeza uji mzito bila kuongeza maji. Kwa nini tunatumia wimbi badala ya mtama?
6. Katika shamba lako kuna chakula gani ambacho hujapata kukipika pamoja na kingine? Andika viwili, ujaribu wiki hii.

Kata ukurasa huu uubandike ukutani jikoni, mbali na moshi. Ikiwa jirani yako hajui kusoma, msomee, mpikie mfano, na mle pamoja. Mwenye swali juu ya mbegu za mgagani, wimbi au viazi vya rangi ya machungwa na amwendee afisa wa kilimo wa wadi yake. Na mwenye mtoto asiyeongezeka uzito na ampeleke kliniki bila kukawia.